Reithi aliyejikomboa usiku: jibu kwa mchezaji wa Wete

Swali: Assalaam alaykum. Hapa Wete tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, tukiwa watu watano, kila usiku wa Alkhamisi, kwa kanuni za mwaka 2014. Mhusika wangu ni mchawi wa wafu, yuko ngazi ya 14 na akili yake ni 20. Tulipoingia katika makaburi ya kale nilimtiisha reithi, yaani mzuka mwovu asiye na mwili, kwa nguvu ya Command Undead, naye akashindwa mrusho wake wa kujinusuru. Alitupigania vizuri mno. Tukalala, na asubuhi msimamizi wetu, yaani anayeiongoza hadithi na kuamua kanuni, akatwambia kwamba reithi amejikomboa usiku, amemuua mpagazi wetu, na roho ya mpagazi sasa ni spekta, mzuka mdogo anayemtumikia yeye. Kitabu kinasema atanitii mpaka niitumie tena nguvu ile, na mimi sikuitumia. Je, nimedhulumiwa? Mwenzangu mmoja anasema ningeurudia uchawi kila baada ya saa 24. Mwengine anasema nimfunge kwa Planar Binding. Msimamizi, ambaye ni shemeji yangu, anasema mfu mwenye akili hatawaliki kabisa. Nani mkweli, na nifanye nini nisisalitiwe tena?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili, na ni vyema tuyatenganishe. La kwanza ni la kanuni: je, reithi alikuwa na haki ya kuondoka? La pili ni la ufundi: mchawi wa wafu amshike vipi mtumishi mwenye fikra zake mwenyewe? Katika la kwanza hukudhulumiwa, ingawa shemeji yako alilipitia haraka jambo moja ambalo angelifanya mbele yenu. Katika la pili, wote watatu waliokushauri wamekosea, kila mmoja kwa njia yake.

Tuanze na maandishi yenyewe. Command Undead ni nguvu ambayo mchawi wa tawi la wafu huipata ngazi ya 14. Unamchagua mfu mmoja, yaani maiti au mzuka anayetembea kwa uchawi, unayemwona ndani ya futi 60, naye hurusha dadu la pande 20 kujinusuru kwa haiba yake dhidi ya kizingiti chako, yaani namba anayopaswa kuifikia ili akushinde. Kizingiti hicho ni 8, ukijumlisha 5 za umahiri wa ngazi yako na 5 za akili yako, yaani 18. Akishinda, huwezi kumjaribu tena kwa nguvu hiyo. Akishindwa, anakuwa rafiki yako na anatii amri zako mpaka uitumie tena nguvu hiyo. Hapo ndipo uliposoma ukafunga kitabu. Aya inayofuata inasema kwamba wafu wenye akili ni vigumu zaidi kuwatawala: mwenye akili 8 au zaidi hurusha dadu mara mbili na kushika namba kubwa, na mwenye akili 12 au zaidi, hata akishindwa, hurudia mrusho kila mwisho wa saa mpaka afanikiwe na kujikomboa.

Reithi ana akili 12 barabara. Haiba yake inampa nyongeza ya 2, kwa hiyo anahitaji dadu lionyeshe 16 au zaidi ili akushinde. Kwa mrusho mmoja wa kawaida angeshindwa mara 75 katika 100. Kwa kuwa anarusha mara mbili, uwezekano wa kushindwa unashuka hadi kama 56 katika 100. Ulimpata kwa bahati iliyokuwa upande wako kidogo tu. Kisha mkalala saa 8, na kila saa akapewa nafasi nyengine. Ikiwa anarusha mara mbili kila saa, uwezekano wa kubaki wako mpaka asubuhi ni kama 1 katika 100. Wapo wasimamizi wanaosema faida ile ya kurusha mara mbili ni ya mrusho wa kwanza peke yake, na maandishi hayajalifunga jambo hilo. Hata kwa usomaji huo laini, uwezekano ni kama 10 katika 100. Kwa maneno mengine, mlilala pembezoni mwa adui ambaye alikuwa karibu na hakika kuamka huru kabla yenu.

Jambo alilolipita shemeji yako ni hili: mirusho ile ilipaswa kufanyika mmoja mmoja, saa kwa saa, na kila saa kulikuwa na mtu wenu katika zamu ya ulinzi. Kanuni hazisemi kwamba mchawi hujua papo hapo kuwa mtumishi wake amejikomboa, hilo ni kweli. Lakini aliyekuwa zamu saa reithi alipojikomboa alistahili mrusho wa kutambua mabadiliko, kwa sababu mpagazi aliuawa kambini. Reithi anaweza kumgeuza spekta mtu aliyekufa kwa nguvu ndani ya dakika 1 iliyopita, naye akiwa umbali wa futi 10. Hayo yalifanyika karibu na masikio ya mlinzi. Sisemi mngemwokoa mpagazi. Nasema mngepewa nafasi ya kujaribu, na nadhani kinachokuuma zaidi ni kunyimwa nafasi hiyo kuliko kumpoteza reithi.

Sasa washauri wako. Aliyekwambia urudie uchawi kila baada ya saa 24 anachanganya mambo mawili tofauti. Saa 24 ni za wafu uliowafufua mwenyewe. Animate Dead, uchawi wa daraja la 3, hufufua viunzi vya mifupa na misukule. Create Undead, wa daraja la 6, hufufua maghuli, wafu walao maiti, na, kwa madaraja ya juu, wakubwa zaidi yao. Hao hukutii saa 24, na ukitaka waendelee unautumia uchawi uleule tena kabla muda haujakatika. Reithi wako hukumfufua wewe. Ulimkuta ana historia yake, ukamtwaa kwa nguvu ambayo haina saa 24 wala haina kurudiwa. Zaidi ya hayo, ungeirudia Command Undead juu ya kiumbe chochote chengine, reithi angeachiwa papo hapo, hata kama huyo wa pili angeshinda mrusho wake. Nguvu hii inashika mmoja tu.

Aliyekutajia Planar Binding hajausoma uchawi huo. Unawafunga viumbe wa mbinguni, wa asili za moto, maji, hewa na udongo, viumbe wa kichimbakazi na mashetani. Wafu hawamo. Nimelisikia kosa hili mara nyingi, na nafikiri linatokana na kuwaweka katika kapu moja viumbe wote wa kutisha.

Shemeji yako naye, kwamba mfu mwenye akili hatawaliki kabisa, huenda ameathiriwa na kanuni za zamani. Katika toleo la 2003 palikuwa na uchawi wa daraja la 2 wenye jina hilohilo la Command Undead. Ukiutumia kwa mfu asiye na akili, hakupewa mrusho wowote. Mwenye akili alipewa mrusho wa nia, na hata akishindwa ulilazimika kushindana naye kwa haiba kila ulipomtaka afanye asilolipenda, hakukubali kamwe amri ya kujiangamiza, na tendo lolote la kumtishia lililotoka kwako au kwa wenzako lilivunja uchawi. Kanuni za 2014 hazina masharti hayo. Mtiifu wa Command Undead hutii, na maandishi hayasemi kwamba kumpiga kunamwachia. Ikiwa shemeji yako anataka masharti ya 2003 yarudi mezani, ana haki hiyo kama msimamizi, lakini aseme mapema na si baada ya maiti kulala chini.

Ufundi wenyewe unaanzia hapa. Utii wa kichawi una ukomo unaojulikana, na kosa la wachawi wengi wa wafu ni kupanga kana kwamba hauna. Nahodha anayesafiri na kaskazi anajua upepo ule utakatika, hivyo huipanga safari yake na marejeo yake kwa kuujua mwezi wa kukatika. Nawe, kabla hujamtiisha yeyote, jiulize utii wake unakatika lini na wewe utakuwa wapi saa hiyo, umelala au macho, ukiwa na uchawi mkononi au mikono mitupu.

Kwa kipimo hicho, reithi ni mtumishi wa saa moja au mbili. Mtiishe mlangoni mwa pigano, mtumie, kisha ummalize kabla ya kambi. Kwa kanuni za 2014 unaweza kumwamuru asimame bila kupigana huku wenzako wakimwangamiza, ingawa sharti uwaulize kwanza kama wanaridhika kuliona hilo likitendeka mezani. Wapo wasioridhika, na wana hoja. Kumfungia usiku si rahisi: reithi hupita katika kuta, kwa hiyo chumba cha mawe hakimshiki. Uchawi wa Magic Circle ukigeuzwa kumzuia ndani unamshika saa 1 kwa nafasi ya daraja la 3 (nafasi ni akiba ya uchawi ambayo mchawi huitumia na kuipata tena akishalala), ukiongezeka saa 1 kwa kila daraja la juu, na unateketeza unga wa fedha na chuma au maji matakatifu yenye thamani ya dhahabu 100. Kwa nafasi yako kubwa kabisa, ya daraja la 7, utapata saa 5. Usiku una 8.

Kuna njia ya kumdhoofisha ambayo wachache huitumia. Bestow Curse, ukimgusa naye akishindwa mrusho wa busara, unaweza kuilaani haiba yake ili kila mrusho wa haiba uwe mbaya: dadu mara mbili, namba ndogo. Laana hiyo na ile faida yake ya akili hufutana, akabaki na mrusho mmoja wa kawaida. Kwa nafasi ya daraja la 5 laana hudumu saa 8 bila ya kukuhitaji uitilie umakini. Lakini rudi kwenye hesabu ya mwanzo: mrusho mmoja wa kawaida kila saa bado unakuachia 10 katika 100 tu kwa usiku mzima. Laana inakusaidia kumkamata. Haikusaidii kulala.

Ndiyo maana ushauri wangu wa dhati ni kuchagua mtu mwengine. Mpaka ni akili 12. Aliye chini yake, hata awe na akili ya mtu wa kawaida, akishindwa mrusho wa kwanza harudii tena, na anabaki wako siku, wiki na miezi mpaka uiguse tena nguvu ile. Waiti, mfu mpiganaji anayenyonya uhai, ana akili 10. Ghasti, ghuli mwenye nguvu zaidi, ana 11. Mwana wa vampaya, yaani yule aliyeuawa na vampaya akafufuka chini yake, ana 11, haiba yake inampa nyongeza ya 1 tu, na kwako wewe wa kizingiti 18 atashindwa mara 64 katika 100 ijapokuwa anarusha mara mbili. Huponyesha majeraha yake mwenyewe, hupanda kuta, na huzungumza lugha alizozijua uhai wake. Kwa mchezaji wa ngazi yako mimi ningemchukua huyu, kwa sharti moja: vampaya aliyemuumba awe ameshauawa. La sivyo utakuwa na mtumishi mwenye mabwana wawili, na kanuni hazielezi ni nani husikizwa.

Waiti ana neema na mtego. Anaweza kuwa na misukule 12 wake mwenyewe, watu waliouawa kwa mguso wake wakafufuka baada ya saa 24. Wanamtii yeye, yeye anakutii wewe, hivyo kwa nguvu ya mmoja unapata kikosi. Mtego ni kwamba siku utakapoitumia nguvu kwa mwengine, hata kwa papara katikati ya vita, waiti anaondoka na 12 wake wote, tena akiwa anajua mnapolala, mnachokula na nani kati yenu ni dhaifu.

Utasikia pia habari za mumia mkuu, bwana wa maiti zilizokaushwa, na wanaomsifu hawakosei. Ana akili 11, kwa hiyo harudii mrusho, na ni kiumbe wa kiwango cha 15 cha ugumu. Lakini haiba yake inampa nyongeza ya 8, anarusha mara mbili, na kwa kizingiti chako atashindwa mara moja tu katika 5. Jaribio ni moja maishani. Baada ya hapo uko mbele ya mumia mkuu mwenye hasira. Vampaya mwenyewe na lichi, yaani mchawi aliyejigeuza mfu, waache: wote wawili wana akili juu ya 12 na wana uwezo wa kugeuza mrusho uliofeli kuwa ushindi mara 3 kwa siku.

Na wale unaowafufua mwenyewe? Kwa ngazi ya 14 Create Undead inakupa maghuli 3 kwa nafasi ya daraja la 6, au 4 kwa ya 7. Maghasti na mawaiti wanahitaji nafasi ya daraja la 8, ambayo utaipata ngazi ya 15, na mumia wa kawaida daraja la 9, ngazi ya 17. Faida yao ni kwamba tawi lako linawaongezea uhai sawa na ngazi yako, kwa sasa 14, na umahiri wako wa 5 katika madhara ya silaha zao. Reithi uliyemteka hapati hata chembe ya hayo. Tena hawana mrusho wa kukukataa. Gharama ni nafasi moja ya daraja la juu kila siku, nawe unayo moja tu ya 6 na moja tu ya 7, na mapumziko mafupi hayazirejeshi.

Hapa kuna tatizo la saa ambalo halionekani mpaka likukute. Create Undead hufanyika usiku tu, na utii hukatika baada ya saa 24. Ukiufanya saa 4 usiku, kesho yake sharti uufanye kabla ya saa 4, tuseme saa 3 na nusu. Keshokutwa kabla ya saa 3 na nusu. Na hivyo hivyo, kila siku ukisogea nyuma kuelekea Magharibi. Mwanzilishi anayeacha nusu saa ya tahadhari kila siku atajikuta katika wiki moja jua halijazama na maghuli yake yanakaribia kuwa huru. Anza karibu na alfajiri, usisogee zaidi ya dakika chache kwa siku, na panga mapumziko yenu marefu yaishe kabla ya saa hiyo, kwani bila ya kulala hutakuwa na nafasi ya kuutumia.

Yote haya ni minyororo. Mwenye akili ana kitu ambacho kiunzi cha mifupa hakina, nacho ni haja, na haja ndiyo inayobaki utii ukishakatika. Mzimu hung'ang'ania dunia kwa jambo lisilokwisha. Mlipiza kisasi, ambaye ana akili 13 na hivyo hatakaa mkononi mwako kwa nguvu, ana mwaka 1 wa kumpata aliyemuua. Mwana wa vampaya aliyefiwa na bwana wake anataka mahali salama pa kulala mchana. Tumia zile saa za utii kumhoji: nani alimuua, anamtaka nani, anaogopa nini. Yeye atajibu kwa sababu anatii. Kisha mweke katika hali ambayo, hata akiwa huru, kubaki nawe kunamfaa kuliko kukuua. Reithi ni mgumu kwa hili kwa sababu anachokitaka ni kuuona uhai umezimika, na sijui ungemlipa nini usijute. Hiyo ni sababu nyengine ya kumwacha.

Amri nazo ziseme kusudi na mpaka. "Linda mlango" ni amri ya msukule. Mwenye akili anayekuchukia ataulinda mlango huku akimwacha adui apite dirishani, na atakuwa amekutii. Mwambie asimwache kiumbe yeyote asiye miongoni mwa watano hawa aingie chumbani kwa njia yoyote, na akimwona akupigie kelele kabla ya kupigana. Usiandike amri kama hati ya mahakama, kwani hapo unamkaribisha msimamizi atafute tundu, na mchezo utageuka kesi. Sentensi mbili zilizofikiriwa zinatosha.

Nimalizie na watu, maana mezani hamko peke yenu na kanuni. Pemba si mahali ambapo hadithi za vizuu ni ngeni, na huenda kati ya watano wenu yumo aliyekuzwa nazo kama mambo ya kweli na si ya kuchekesha. Msimpe mfu wa mchezoni jina la marehemu wa mtaani, wala msifufue kaburi linalofanana na la jamaa ya mtu. Ukimwona mwenzako ananyamaza au anatafuta sababu ya kutokuja, mfuate pembeni umuulize. Akisema hofu inamfuata nyumbani na inamnyima usingizi, simamisheni mkondo huo wa hadithi, na yeye azungumze na mtu mzima anayemwamini au aende kituo cha afya. Hilo haliwezi kutatuliwa kwa maandishi yangu.

Ya shemeji yako, yamalizeni ana kwa ana kabla ya Alkhamisi ijayo, nyinyi wawili na kitabu kimoja, si mbele ya wenzenu wala kwa ujumbe wa simu. Anza kwa kukubali kwamba reithi alikuwa na haki ya kurusha kila saa. Kisha muulize matatu, na majibu yaandikwe: je, mirusho ya kila saa ni mara mbili au mara moja, je, itarushwa wazi mezani na mlinzi wa zamu apewe nafasi ya kugundua, na je, aliyekwisha kujikomboa anaweza kutiishwa tena? Kwa hilo la mwisho, mimi mwenyewe husimamia kwamba hawezi. Yeye akiamua vyengine, reithi wenu bado yuko huko nje na spekta mmoja, na anaruhusiwa kuwa nao hadi 7, kwa hiyo msichelewe kumfuata.